Kikao Alichoniachia Dada

Ndugu, jamaa na majirani, pamoja na ninyi wa chumba cha kufulia cha hospitali kuu, ambao naona mmekaa pamoja upande wa kushoto kana kwamba mnasubiri kupangiwa zamu, ahsanteni kwa kuja. Mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa mama yetu. Nasoma wasifu huu kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza niusome, na mnajua dada yangu alipoagiza jambo hakukuwa na rufaa. Kwenye ratiba mliyoshika mkononi pameandikwa "wasifu mfupi". Hautakuwa mfupi, na wa kulaumiwa ni yeye.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya watatu, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli ambako baba yetu alikuwa fundi wa mabehewa. Mama alisimulia kwamba mkunga alipofika na mkoba wake alimkuta mtoto keshazaliwa, keshalia na keshanyamaza. Mkunga akavua viatu, akakaa kitako, akasema, "Huyu hakuningoja." Mama alicheka kila aliposimulia hayo. Mimi, niliyelala naye kitanda kimoja mpaka alipoolewa, sikuona cha kuchekesha.

Kwa maana ndivyo alivyokuwa. Siku moja kioo cha baba cha kunyolea kilivunjika. Kabla mama hajamaliza kuuliza nani kakivunja, dada alikuwa amekwisha kuendesha kesi, kutoa hukumu na kunishika mkono kunipeleka kwenye adhabu. "Ni huyu," alisema. "Mtazame uso wake, una hatia." Nilikosa kwenda kucheza wiki nzima. Baadaye kaka yetu mkubwa, ambaye naye ametangulia, alikiri kwamba ni yeye. Mama akamwambia dada, "Haya, mwombe mwenzio radhi." Dada akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Lakini uso wenye hatia alikuwa nao."

Alianza shule ya msingi mwaka 1963 na alikuwa kiranja karibu miaka yote. Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti kwamba mtoto huyu ana akili nyepesi, ila asome swali mpaka mwisho. Dada alipita nayo nyumba kwa nyumba akionyesha, kidole gumba kikiwa kimefunika ile nusu ya pili. Alitamani sana kuwa muuguzi. Katika mtihani wa mwisho wa sekondari, mwaka 1974, waliulizwa kwa nini mito hukauka. Yeye akaeleza, kwa kurasa tatu na michoro, kwa nini mito hufurika. Wote walioyasoma majibu yale walisema ni mazuri mno. Chuo cha uuguzi hakikumchukua.

Kwa hiyo hospitalini aliingia kwa mlango wa nyuma. Mwezi Januari 1977 aliajiriwa chumba cha kufulia. Wasiokijua, ni kile chumba cha chini, chenye madirisha ya juu ambayo unaona miguu ya wapita njia tu, mabomba yanatoka jasho na mashine zinanguruma mpaka mtu akitoka nje anaendelea kupayuka. Alianzia pale mlangoni, kwenye kazi ya kuchambua mashuka machafu, kazi ambayo watu wengi walidumu nayo wiki mbili wakaingia mitini. Yeye hakuingia mitini. Aliwapigania wachambuzi wenzake wakapewa glavu ndefu na maziwa, na alipomwendea mganga mkuu kuzidai alirudi nazo siku hiyohiyo. Haraka yake ilikuwa na faida zake, sitaki kuwa mwongo.

Mwaka 1981 aliolewa na shemeji yetu huyu aliyekaa hapa mbele, fundi saa mwenye kibanda langoni mwa hospitali. Shemeji ni mtu wa kusema polepole. Ukimwuliza saa ngapi, kwanza anakaa vizuri. Jioni moja alimsimamisha dada, akasafisha koo, akaanza, "Mimi nimekuwa nikifikiria kwa muda, kwamba mtu wa umri wangu, na kazi yangu hii, naona sasa nahitaji..." Dada akamkata kauli. "Nimeshaelewa. Nimekubali. Njoo uwaone wazazi Jumapili." Shemeji akaja Jumapili, amevaa suti ya kuazima. Miaka mingi baadaye alituambia kwamba siku ile alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kupata chumba cha kupanga. Anasema hajajuta, ila sentensi yenyewe hajaimalizia mpaka leo. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mwaka 1993 alifanywa msimamizi wa chumba chote. Mashuka hayakuwahi kukosekana wodini wakati wake, na hilo limo kwenye barua ya shukrani ya hospitali. Ambalo halimo ni jina mlilompa ninyi mliokaa kushoto. Mlimwita Bi Nimeshaelewa. Msijifanye kushangaa, alilijua.

Mlimwita hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumaliza kujieleza mbele yake. Aliyefika kwanza mlangoni pake ndiye aliyekuwa na haki, na aliyefuata alikuta hukumu imepoa. Ninyi mkalizoea hilo, mkalifanya mchezo. Toroli likipotea au sabuni ikimwagika, hakuna aliyejiuliza nani kakosa, mlijiuliza nani atamfikia bosi kwanza. Mlikimbizana kwenye ule ukumbi wa saruji wenye maji mpaka mmoja wenu akateguka mguu, na aliyeteguka ndiye aliyeonekana ana makosa kwa sababu alichelewa. Bingwa wa mbio hizo alikuwa mwendesha mashine kubwa ya kufulia, yule mnayemwita Chiriku, ambaye miguu yake na ulimi wake vilishindana. Nilimwambia dada mara nyingi, "Unaamua mambo ya watu kwa mbio za miguu." Akanijibu kwamba nisiyesimamia watu sijui kitu.

Sasa nafika mahali ambapo ningependa mtu mwingine asome. Lakini nimeachiwa mimi.

Palikuwa na mpiga pasi. Kila mtu alimwita Mama Pasi, na alikuwa ameisimamia ile pasi kubwa ya mvuke kwa miaka mingi kuliko dada alivyokuwa msimamizi. Alikuwa mjane mwenye watoto watatu. Alikuwa mtu wa kufikiri kwanza ndipo aseme, na katika chumba kile hiyo ilikuwa hasara tupu. Mwezi Juni 2005, mashuka ya chumba cha upasuaji yalifika juu yakiwa na madoa ya manjano yaliyoungua, na mengine yalichanika yaliposhikwa tu. Upasuaji wa asubuhi ile uliahirishwa. Daktari akashuka mwenyewe na shuka mkononi, akalitupa juu ya meza ya dada mbele ya watu, akaondoka.

Chiriku alikuwa mlangoni hata kabla vumbi la daktari halijatua. "Bosi, jana pasi ilikuwa moto kupita kiasi. Mimi nilimwambia." Mama Pasi akaja anajifuta mikono. "Bosi, naomba niseme kidogo. Mashuka haya yalipokuja kwangu..."

"Nimeshaelewa," dada akasema. "Vua aproni."

Mashine zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo kila mtu alisikia. Mama Pasi alisimama pale akiwa na nusu ya sentensi yake mdomoni. Kisha akavua aproni, akaikunja vizuri kama alivyokunja kila kitu, akaiweka mezani. Ofisi ya juu ilitia sahihi barua ya kumwachisha kazi siku ileile, kwani nani angemtilia shaka dada? Jioni alipita kwangu, akanisimulia kama mtu aliyefanya kazi nzuri. Nikamwuliza, "Na yeye alisemaje?" Akasema, "Aseme nini? Shuka si limeungua?"

Haikupita muda mrefu, mashuka yakaungua tena. Mpiga pasi sasa alikuwa mwingine, binti mpya aliyetetemeka akiitwa tu. Dada akafoka, "Nipeni hiyo pasi, niwaonyeshe." Akakunja mikono ya gauni. Akapiga shuka la kwanza mbele yenu nyote, kwa moto wa kawaida, kwa mkono mwepesi, na doa la manjano likajitokeza polepole chini ya mkono wake mwenyewe. Naambiwa akaliangalia lile doa, akasema, "Kitambaa cha meza hii ya pasi kimechoka," akaagiza kipya, akatoka.

Jioni ile alikaa jikoni kwangu mpaka chakula kikapoa mbele yake. Kisha akasema, "Ni maji ya tatu." Sikuelewa. Akanieleza. Mashuka yakishafuliwa na ile dawa kali ya kung'arisha, husuuzwa kwa maji matatu ili dawa itoke yote. Ikibaki, joto la pasi linaiunguza pamoja na kitambaa, hata pasi ishikwe na malaika. Mwezi ule wakaguzi walikuwa njiani, kazi ilikuwa imerundikana, na mtu alikuwa ameamuru maji ya tatu yaachwe ili kuokoa muda.

"Mtu gani?" nikamwuliza, ingawa nilishaona jibu linakuja.

"Mimi."

Tangu utoto wetu sikuwahi kumsikia akijibu swali la namna hiyo kwa neno hilo. Nilitaka kufurahi, lakini nikamwonea huruma, halafu nikakasirika, kwa sababu mwanamke alikuwa amekaa nyumbani hana kazi. Nikamwambia, "Basi kesho asubuhi nenda kwake." Hakwenda kesho. Kesho yake alirudisha maji ya tatu bila kumwambia mtu sababu, madoa yakakoma, na ninyi mkaamini kitambaa kipya cha meza ndicho kilichotibu. Yule wa kwanza mliendelea kuamini aliunguza kwa uzembe. Ilinibidi nimsukume dada wiki kadhaa, kwa upole na kwa matusi, mpaka akapiga moyo konde akaenda. Akarudi, akaniambia hivi: "Nimemwomba radhi. Kanisamehe. Lakini kurudi kazini hataki." Familia nzima tukasema, basi, Mama Pasi ana kiburi chake. Tukalifunga.

Lakini dada hakulifunga. Baada ya hapo alibadilika, na sitamnyima sifa hiyo. Aliweka utaratibu ambao nadhani hakuna chumba kingine cha kufulia duniani kilikuwa nao. Hakuna kuja kushitaki peke yako. Mnakuja wote wawili, na anayeshitakiwa ndiye anayeanza kusema. Dada mwenyewe alijiwekea rundo la foronya mezani, akawa anazikunja moja moja wakati watu wanajieleza, na alijikataza kufungua mdomo kabla rundo halijaisha. Alisema mikono ikiwa na kazi, ulimi unatulia. Aliwaambia pia mkohoe akimkata mtu kauli. Mlikohoa kwa moyo mmoja, mpaka mkaguzi mmoja akaandika kwamba wafanyakazi wa chumba hicho wote wapimwe vifua.

Chiriku aliugua kwa utaratibu huo. Mbio zake zilikuwa hazina kazi tena, akifika kwanza anaambiwa akae amngoje mwenzake. Kuna siku wachambuzi wawili walishitakiana kuhusu glavu zilizoibwa. Dada alikunja foronya mpaka ya mwisho, na ilipofika ya mwisho ikajulikana kwamba hakuna aliyeiba, zilikuwa zimeingia mashineni ndani ya shuka. Enzi za zamani mmoja wao angekuwa ameshafika kituo cha basi na barua mkononi.

Ila dada yangu hakujua kufanya jambo kwa kiasi. Akahamia upande wa pili kabisa, akatuchosha upya. Watoto wangu wakigombania televisheni, shangazi... samahani, mama yao mkubwa, anaomba foronya. Ukimwuliza achague kati ya chai na maziwa, anataka kusikia pande zote. Shemeji, ambaye kwa miaka yote alikuwa mtu wa polepole nyumbani, ghafla akawa ndiye anayeharakisha. Kisha siku moja mashine ya kukaushia ikaanza kutoa moshi. Mafundi wawili wakaanza kubishana ni mkanda au ni injini, na dada akakaa, akavuta rundo la foronya. Binti mpiga pasi, yuleyule aliyekuwa akitetemeka akiitwa, akapiga ukelele, "Mama, zima kwanza!" Dada akaruka, akazima. Waliponea chupuchupu, nguo zilikuwa zimeshaanza kuwaka ndani.

Alinisimulia hayo huku amejishika kichwa. "Mdogo wangu," akasema, "nilidhani kosa langu ni haraka. Kumbe nilikuwa nataka tu nionekane niko sawa. Zamani nilijionyesha kwa kuwahi, sasa najionyesha kwa kungoja." Nikamwambia hayo ndiyo maneno ya maana ya kwanza kutoka kwake tangu alipoacha kunibebesha mzigo wake wa vitabu tukienda shule. Tangu hapo akawa mtu wa kupima. Kinachowaka alikizima kwanza, shauri la mtu alilisikiliza mpaka mwisho. Wapo hapa wasimamizi wa idara nyingine waliokuja kumwomba ushauri, na hata mganga mkuu aliwahi kukaa kwenye kile kiti cha plastiki akingoja foronya ziishe.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2016. Mnakumbuka kikao cha kumuaga, kwenye ukumbi wa juu, na ile keki iliyokuwa na umbo la shuka lililokunjwa. Alisimama kusema. Alianza, "Kuna jambo nimekaa nalo muda mrefu." Tukangoja. Kisha akamshukuru fundi bomba. Alimshukuru fundi bomba kwa bidii, kwa undani, bomba moja baada ya jingine, mpaka fundi mwenyewe akaanza kutazama chini kwa aibu. Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza mapenzi hayo na mabomba yalianza lini. Kisha nikacheka peke yangu.

Maradhi yalimwanza mwaka 2022. Miguu ilivimba. Daktari alipofungua kinywa, mwanamke huyu aliyekuwa amejifunza kumsikiliza kila kiumbe chini ya jua alimwambia, "Ni viatu." Akanunua viatu vipana. Vikabana, akanunua vipana zaidi. Shemeji alikuwa amepanga viatu chini ya kitanda kama duka, na dada hapandi ngazi tatu bila kupumzika. Ulikuwa moyo. Ilipogundulika ulikuwa umeshachoka sana. Nilimkaripia wodini mbele ya wauguzi. Nikamwambia, "Watu wote umewakunjia foronya, mwili wako mwenyewe umeukata kauli!" Akacheka mpaka akakohoa, na muuguzi akanitoa nje.

Mwezi Julai mwaka huu wa 2024 aliomba nimwandikie wasifu wake akiwa hai, ausikie. Nikaandika, nikamsomea kitandani kwake wodini. Nilipofika kwa Mama Pasi nikasoma kama tulivyojua sote: kwamba alimwachisha kazi kimakosa, akamwomba radhi, mwenzake akasamehe lakini akakataa kurudi. Dada akainua mkono.

"Hapo umesikia upande mmoja."

"Upande wako, dada. Umenisimulia wewe."

"Ndiyo. Sasa nenda kamsikilize mwenyewe."

"Kwa nini usiniambie hapahapa?"

Akageukia ukutani. "Nenda," akasema. "Halafu ndiyo uandike."

Nikaenda nikiwa nimenuna, jua la saa nane, mabasi mawili. Mama Pasi anakaa upande wa pili wa mji, ana chumba kinachoangalia barabara, ndani meza mbili za pasi na nguo za wateja zimetundikwa mpaka darini. Ni mtu mzima sasa, lakini mgongo umenyooka. Nikajitambulisha, nikamwambia nilichokuwa nimeandika. Akaiweka pasi kando. Akafikiri kwanza, kama ilivyo kawaida yake, na mimi nikangoja.

"Alikuja, ni kweli," akasema. "Alikaa hapo ulipokaa. Akasema kosa lilikuwa lake, akaeleza maji ya tatu, akalia. Nikamwambia nimekusamehe, na nilimaanisha. Akasema, rudi kazini. Nikamwuliza, 'Wenzangu umewaambia?' Akasema, 'Nitawaambia.' Nikamwambia, 'Haya. Siku utakayowaambia, asubuhi yake utanikuta mlangoni.'"

"Akasemaje?"

"Akasema, Jumatatu." Alinyoosha kola ya shati lililokuwa mbele yake. "Nilikataa kazi ya hoteli, dada yangu. Nilikataa na ya hosteli. Mwaka mzima nangoja Jumatatu. Mimi ni mpiga pasi, sina ujuzi mwingine, na mji mzima ulikuwa unajua nimeunguza nguo za wagonjwa. Mtu ananiletea shati moja, anasimama hapohapo ananitazama mkono mpaka nimalize. Mwanangu mdogo akaniuliza, 'Mama, lakini kweli hukuunguza?' Nikamjibu hapana. Nikaona hajaamini sana."

Nikauliza kama hakuwahi kwenda kuwaambia wenzake mwenyewe. "Ningewaambia mimi wangesema najikosha," akajibu. "Aliyenivua aproni mbele yao ni yeye. Alipaswa kunivisha mbele yao."

Nilirudi hospitalini nimepandwa na hasira mpaka nikasahau kushuka kituo changu. Dada alikuwa macho. "Umemsikia?" akauliza. Nikamwambia nimemsikia, tena mpaka mwisho, na kwamba yeye ni mwongo. Nikamwambia alitufanya familia nzima tumwone mama wa watu ana kiburi. Nikamwuliza, miaka kumi na moja alibaki kwenye kile chumba, kila siku anawaona wote, alishindwaje?

"Niliona aibu," akasema. "Nilikuwa ndiyo nimeanza kuwafundisha kusikiliza. Nikasema wakijua, hawatanisikiliza tena. Kila wiki nasema wiki ijayo. Siku ya kuagwa nilisimama kabisa."

"Ukamshukuru fundi bomba."

"Nikamshukuru fundi bomba."

Tukacheka, jamani, nisiwafiche. Tulicheka na machozi yanatutoka. Kisha nikamwambia haitoshi kunituma mimi kwa ujanja ili nijue. Atasema mwenyewe, na wenzake wote nitawaleta. Akakubali. Tukapanga iwe Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndiyo maana ninyi mliokaa kushoto mlipata ujumbe wangu wiki iliyopita, na najua wengine wenu mlidhani ni mchango mkakaa kimya. Mama Pasi naye alisema atakuja. Dada akaagiza gauni lake la bluu lipigwe pasi, na akaniambia, "Nisipowahi, utasema wewe. Usinipake mafuta."

Hakuwahi. Alifariki dunia Alhamisi tarehe 15 Agosti 2024, alfajiri, shemeji akiwa amemshika mkono. Mtu aliyewahi kila mahali tangu siku ya kuzaliwa, jambo moja tu aliloombwa awahi ndilo akalichelewesha. Nimemlilia na nimemkasirikia kwa pamoja, na sijui lini nitamaliza kimojawapo.

Basi natangaza, kwa niaba yake, mbele ya mwili wake na mbele ya wote mliokuwapo siku ile. Mashuka ya chumba cha upasuaji, mwezi Juni 2005, hayakuunguzwa na Mama Pasi. Yaliungua kwa sababu maji ya tatu yaliachwa, na aliyeamuru yaachwe ni dada yangu. Alilijua hilo mwezi uleule, akalinyamazia mpaka kufa kwake. Mama Pasi hakukataa kurudi kazini. Alikuwa akingoja aitwe kwa haki, na hakuitwa. Mkawaambie na wasiokuwapo. Na wewe Chiriku, uliyeyafua mashuka yale, nakuona umeinama, la kwako utalisema mwenyewe, tena usimngoje mtu afe.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, mimi mdogo wake, watoto wa kaka yetu, na chumba kizima cha watu aliowafundisha kazi. Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, na majirani waliotupikia na kulala nasi msibani.

Ratiba inasema baada ya wasifu ni wimbo. Wimbo utasubiri. Mama Pasi yupo, amekaa kule nyuma karibu na mlango. Nilipomwomba aje aliniambia atakuja kusikia, hatakuja kulia, na amesikia. Tunamwombea dada yetu apumzike kwa amani, lakini asipumzike bado. Mama Pasi, pita mbele. Kuna sentensi ulikatishwa. Kipaza sauti hiki hapa, anza pale ulipoishia, na sisi sote pamoja naye tunakungoja umalize.